Kibao cha Kumi na Nne

Miaka thelathini na moja Amisi Sudi alifanya kazi katika ile bustani ya zamani, na hakuwahi hata mara moja kuingia kwa mlango wa mbele. Mlango wake ulikuwa wa nyuma, upande wa mto, karibu na shimo la majani makavu. Huko ndiko zilikokuwa nyumba nne za matofali za watunza bustani, na yeye alikaa katika ya tatu. Mlango wa mbele, ule wenye nguzo mbili nyeupe na vyuma vilivyosukwa kama nywele za mtoto, ulikuwa wa watu wa kutembea. Amisi alikuwa mtu wa kuchimba.

Kwa hiyo Jumapili ile ya mwezi wa kwanza, mwaka wa sabini na tisa, mlinzi alipomwona anakuja kwa barabara kubwa, amevaa kanzu yake ya Idi na kofia, mke wake Adija nyuma yake na kitenge cha sikukuu, alisimama kabisa kutoka kwenye kiti.

"Eh, muzee! Leo uko touriste?"

"Niko touriste, Émile. Fungula."

"Mukuka," mlinzi akasema, akitaja jina lake la tangu mwaka wa sabini na mbili na kutazama nyuma yake kama kuna mtu. "Émile alikufaka mu soixante-douze. Unasahau?"

"Pole ya kilio," Adija akasema, na wote watatu wakacheka. Siku ile hawakucheka tena.

Mkononi Amisi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne, njano kama jino. Zamani za Wabelgiji kila mgeni alipewa karatasi kama hiyo mlangoni. Ilichorwa njia yote ya bustani, na kando ya njia namba, moja hadi thelathini. Kila namba ilikuwa na mti wake, na kila mti ulikuwa na kibao chake cha bati la zenki juu ya fimbo ya chuma. Mgeni hakuhitaji mtu wa kumwongoza. Alitembea na karatasi yake, akafika kwenye namba, akasoma kibao, akaenda kwenye namba inayofuata. Amisi ndiye aliyeandika vile vibao, vyote thelathini, kwa brashi ya nywele tatu. Karatasi hii moja aliiokota chini ya benchi na akaiweka katika kopo la biskuti, bila kujua itamfaa nini.

Alhamisi ndiyo alijua.

Alhamisi alikuja Chileshe wa biro ya majumba. Chileshe hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa Kambove, mama yake aliuza mboga karibu na bustani miaka mingi, na alipokuwa mdogo alikimbizana na mijusi mle ndani mpaka Amisi akamfukuza kwa ufagio. Sasa alikuwa na daftari. Alisimama mlangoni, akasema nyumba nne zinakamatwa na mji. Aliyeanza kazi kabla ya uhuru wa mwaka wa sitini atakaa mpaka kufa kwake, ndivyo amri ilivyosema. Aliyeanza baada ya uhuru atatoka kabla mwezi haujaisha.

"Shi miye nilianza quarante-huit," Amisi akasema, yaani mwaka wa arobaini na nane.

"Papa Amisi, miye ninajua. Hata mama yangu anajua. Lakini miye haiko commission. Commission inataka kuona na macho. Buku yako ya kazi iko wapi?"

"Mulikamata mweye, ku biro. Soixante-sept. Mulisema mutatupa carte ya mupya."

"Na ile carte inasema nini?"

"Inasema nilianza soixante-sept. Sawa mi nilizaliwa ile siku."

Sitini na saba, baada ya uhuru. Chileshe alifunga daftari, akalifungua tena. Mabuku ya zamani, alisema, hakuna anayejua yalikwenda wapi. Labda yaliungua wakati wa vita, labda panya. "Hauna kintu ingine? Kintu ya zamani, iko na jina yako na mwaka? Hata jiwe. Hata ubao. Commission inakuya Lundi."

Ndipo Amisi akasema neno ambalo lilimtoka kinywani kabla hajalifikiri. "Iko kibao. Numéro quatorze."

Chileshe akaandika: namba kumi na nne.

Adija, aliyekuwa nyuma ya pazia akichambua mchele, alisikia. Alikijua kibao hicho kwa hadithi tu, maana hakujua kusoma. Alijua kwamba bwana mkubwa wa bustani, Mbelgiji mmoja aliyeitwa Liévin, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mbegu, alitaka kuotesha mulombwa. Mulombwa ni mti wa hapa hapa, wa porini, ule ambao ukiukata unatoa maji mekundu. Bwana Mbegu alileta mbegu, akazipanda katika udongo mzuri uliochekechwa, akazimwagilia kwa mkono wake. Hazikuota. Akajaribu tena. Hazikuota. Mara ya tatu alizitupa kwenye shimo la majani na akatukana kwa lugha yao. Amisi, aliyekuwa kijana, ametoka Maniema miaka michache tu, alikwenda akaziokota. Alikuwa ameona porini kwamba mulombwa unaota mahali moto ulipopita. Akazifunika kwa nyasi kavu, akachoma, akazitoa katika majivu zingali za moto, akazifukia. Mvua ya pili, mmoja ukatoka.

Bwana Mbegu aliinama akautazama muda mrefu. Kisha akamwambia Amisi aandike kibao chake, na chini ya jina la mti aongeze mstari mmoja: *Semé par Amisi, 1951*. Ulipandwa na Amisi. Katika bustani nzima yenye vibao vya "zawadi ya Bibi fulani" na "zawadi ya Daktari fulani", hicho kilikuwa peke yake chenye jina la mtu mweusi.

"Basi tumepona," Adija alisema Chileshe alipokwenda.

Amisi alikwenda akafungua kopo la biskuti.

"Baba Kulthumu, ninasema tumepona. Shi kibao iko na jina?"

"Tutaenda kuona Dimanche."

Adija alikuwa na sababu ya kushikilia jambo hilo kwa mikono miwili. Walikuwa na mtoto mmoja hai, Kulthumu, aliyeolewa Kasomeno, kwenye njia ya Kasenga, na mfanyabiashara wa samaki kavu. Wakitolewa katika nyumba ya tatu, hapakuwa na kwingine isipokuwa huko, katika lupango, kiwanja cha mkwe. Mkwe alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, maana hangekataa. Mama mzazi wa mke kulala uani kwa mume wa binti yake! Hatazamani naye uso kwa uso, hali naye, akisikia kikohozi chake lazima akimbie nyuma ya jiko. Mkwe kwenda kuoga, naye anageukia ukuta. Kila siku, mpaka kufa.

"Nitakimbia mara ngapi kwa siku?" alimwuliza Amisi siku ile, akiosha sahani. "Miguu yenyewe ni hii."

Basi Jumapili wakaingia kwa mlango wa mbele.

"Tuende moja kwa moja kwa muti yako," Adija akasema.

"Hapana. Karatasi inaanza moja."

"Sasa sisi tunatafuta moja?"

"Mama Kulthumu, karatasi inaanza moja."

Akamfuata. Alidhani ni fahari ya mzee, anataka aonyeshwe kazi yake yote kabla ya ile kubwa. Na kweli mwanzoni alimwonyesha. Namba moja, mitende miwili ya mlangoni, kibao kipo, herufi nyeupe juu ya kijani. Namba mbili, mianzi, kibao kipo. Namba tatu ilikuwa fimbo tu. Namba nne, fimbo tu. Namba tano ilikuwa beseni la samaki wekundu, na ndani yake sasa mlikuwa na majani na kiatu kimoja cha mtoto.

"Bibao binaenda wapi?" Adija akauliza.

"Zenki ni nzuri kwa kuziba chini ya jiko ya mbabula. Makala ya moto hayaanguki."

Adija akasimama. "Ngoja. Mbabula ya Laurentine, wa nyumba ya kwanza, iko na alama chini. Mustari, kisha kama sikio ya muntu."

"Hiyo ni sita."

"Kumbe anapikia maharagi juu ya namba sita!"

Siku nyingine angecheka. Waliendelea. Namba saba ilikuwa mti mkubwa wa Wahindi uliokatwa, kisiki chake kimepakwa chokaa. Hiyo ilikuwa kazi ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi: watu waliambiwa wapake chokaa kila shina mpaka kiunoni, nao wakapaka kila shina, na visiki, na benchi, na jiwe moja. Namba nane, kibao kipo. Namba tisa, hakuna kibao wala mti. Amisi kila mahali alisimama, akatazama karatasi, akatazama mbele yake, kama mgeni asiyejua. Pale penye fimbo tupu alitaja jina la mti kwa sauti ndogo, la Kifaransa na la hapa, kisha akaendelea. Adija akaanza kuhesabu naye. Alijua namba kwa vidole. Kumi. Kumi na moja. Kila walipokaribia, Amisi alipunguza mwendo. Kwenye kumi na mbili alisema anataka kupumzika. Kwenye kumi na tatu alifunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

"Una nini weye?"

"Hakuna."

Njia ikapinda, na mulombwa ulikuwapo. Haukukatwa. Ulisimama juu ya mingine, shina refu lenye magamba kama mgongo wa mamba, na matunda yake ya mabawa yameanguka chini. Na chini yake, juu ya fimbo yake, kilikuwapo kibao.

"Iko!" Adija akashika mkono wake. "Baba Kulthumu, iko! Mungu iko!" Akakisogelea, akapitisha kidole juu ya herufi nyeupe, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Jina yako njo wapi? Hapa?"

"Hapo inasema quatorze. Hapo inasema mulombwa."

"Na yako?"

Amisi alichukua kisu chake cha kupachikia miti, kile kidogo cha mpini wa pembe, akakaa chini kwenye chokaa na magome bila kujali kanzu. "Iko chini ya rangi," akasema. "Nafikiri iko chini."

Akaanza kukwangua mahali pa mstari wa tatu.

Rangi ya kijani ilitoka vipande vipande kama ganda la yai. Adija aliinama kando yake akishikilia magoti. Chini ya kijani ingetokea nyeupe ya zamani, na juu ya nyeupe herufi nyeusi. Hivyo ndivyo vibao vya Bwana Mbegu vilivyokuwa. Lakini chini ya kijani palitokea zenki, safi, inang'aa, na mikwaruzo midogo midogo ya brashi ya waya iliyopita huku na huku. Akakwangua kushoto. Zenki. Akakwangua kulia, juu, chini. Zenki. Mikwaruzo ilikuwa ya mtu anayejua kazi, hakuna mahali aliposahau.

Amisi aliweka kisu chini. Ziko kazi ambazo mtu baadaye anamwomba Mungu awe alizifanya vibaya. Tangu Alhamisi aliomba hivyo. Labda siku ile alichoka. Labda kile kimoja alikipaka juu juu tu.

"Nani alifanya hivi?" Adija akauliza.

"Miye."

Akamwambia, na hakuwa amemwambia tangu siku ile. Mwaka wa sabini na mbili ilitoka amri: majina ya wageni yaondoke. Mkuu wa bustani alimpa Amisi makopo mawili ya rangi, akamwambia afute zile zawadi za akina Bibi na akina Daktari, aandike majina ya miti kwa lugha ya hapa. Ni hayo tu aliyoambiwa. Lakini siku zile mjini watu walikatwa tai shingoni. Aliyekuwa Jeannot jana, leo ana jina la babu yake. Na sokoni kijana mmoja wa Chama, mwenye beji kifuani, alimsimamisha: "Muzee, Amisi njo jina ya babu gani, ba-ancêtres gani? Weye ni wa hapa ama wa kwa Waarabu?" Watu wakageuka kumtazama. Amisi, ambaye baba yake na babu yake walizikwa Maniema, hakutaja hata kaburi moja. Alisimama na unga wake mkononi.

Kesho yake aliking'oa kibao cha kumi na nne, cha kwanza kabisa kabla ya vile vingine, akakipeleka stoo, akafunga mlango. Rangi haishiki vizuri juu ya rangi, kila mpakaji anajua. Akakwangua mpaka zenki.

"Directeur alikuambia ufute yako?"

"Hapana."

"Ule kijana alikuambia?"

"Hapana. Hakuna muntu aliniambia."

Adija alipitisha kidole juu ya zenki tupu. Mbali kidogo familia moja ilikuwa ikipiga picha mbele ya mianzi, baba amevaa abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai, watoto wamepangwa kwa urefu.

"Basi andika tena," Adija akasema.

"Ni bongo, ni uongo."

"Bongo njo nini? Muti ulipanda ama haukupanda?"

"Nilipanda."

"Mwaka ni ule ama haiko ule?"

"Ni ule."

"Na mukono ni ule ule. Sasa bongo iko wapi? Weye njo ulifuta, weye andika."

Hawakufika namba thelathini. Walirudi kwa njia ya nyuma, wakapita shimo la majani, na Amisi akatafuta stooni mpaka akapata kopo moja la rangi nyeupe la miaka mingi, limefanya ngozi nene juu. Akaitoboa ngozi. Chini rangi ilikuwa nzito kama ugali wa jana. Ilihitaji terebentini ya kuilainisha, na terebentini mjini haikuonekana tangu mwaka jana. Akaiyeyusha kwa petroli ya taa. Alijua petroli ya taa inafanya nini kwa rangi, hasa wakati wa mvua. Alijua, na hakuwa na kitu kingine.

Mchana ule wote alikaa chini ya mulombwa. Mkono haukumsaliti. Alijifunzia kuandika utotoni, chuoni kwa mwalimu wa Korani, kwa masizi juu ya ubao wa mti, na yule mwalimu alichapa kidole kwa kila mkia wa herufi uliopotoka. *Semé par Amisi, 1951*. Herufi zilikaa sawasawa kama watu kwenye mstari. Adija alisimama nyuma yake akipunga jani kubwa juu ya kibao, apate upepo. Alipunga mpaka bega likamwuma, akabadili mkono.

Jumatatu saa tatu walikuja: Chileshe na daftari lake, na bwana mmoja mnene wa abakosti ambaye hakusalimia. Mvua ilinyesha alfajiri. Adija alikuwa amefunika kibao kwa sufuria, akaiondoa walipokaribia.

Chileshe aliinama. Alisoma kwa sauti, polepole, mstari wa tatu, mpaka mwaka. Uso wake ukafunguka. Kweli alifurahi; Adija aliona, akaikumbatia sufuria.

"Cinquante et un," Chileshe akamwambia bwana wa abakosti. "Nilikuambia, chef. Huyu muzee ni wa zamani."

Na kwa furaha hiyo hiyo akaweka kidole juu ya jina, kama mtu anayegonga bega la rafiki.

Kidole kiliposhuka kilikuwa cheupe.

Alikitazama. Akamtazama Amisi. Ni yule bwana aliyesema, akicheka mpaka tumbo likatikisika: "Eh, muzee! Cinquante et un, na rangi haiyakauka? Ulipanda hii muti asubuhi?"

"Nilipanda," Amisi akasema. "Mu majivu. Niliokota mbegu mu shimo."

"Majivu gani tena?"

"Chef, huyu kweli alikuwa hapa," Chileshe akaanza.

"Andika," bwana akasema. Alikwisha geuka, anakwenda kuona nyumba, anapima kwa macho madirisha yake.

Chileshe alipangusa kidole kwenye gome la mulombwa, mara moja, mara ya pili, kwa nguvu, maana rangi ya petroli haitoki upesi. Kisha akaandika. Alipomaliza alisema kwa sauti ya chini, "Papa Amisi, kama mungeniacha nione ile zenki tupu, ningesema mu commission iko kintu ilifutwa. Lakini sasa..." Akamfuata mkubwa wake.

Adija alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Aliinua kichwa, akatazama mti mpaka juu kabisa, kama ndiyo mara ya kwanza kuuona. Halafu akasema, "Nitaenda kufunga bintu. Camion ya Kasomeno inatokaka Mercredi." Zilibaki siku mbili. Akaenda, amejifunika kitenge mpaka kichwani, tayari amekwisha kuinamisha uso wake, tangu hapa hapa mjini.

Amisi alibaki peke yake. Kidole cha Chileshe kilikuwa kimevuruga ile A ya kwanza ya jina lake, mguu mmoja ulikuwa umevutika mpaka ukingoni. Akachukua brashi, akaichovya katika kopo, na akaanza kuinyoosha ile A.